Kichupa Kisicho na Maelezo: Barua ya Wazi kwa Wafamasia na Watoa Dawa wa Tanzania

Waheshimiwa wafamasia, wateknolojia wa dawa, na ninyi watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, mijini na vijijini,

Kazi yenu inajulikana. Zahanati ikishafungwa, mlango unaogongwa ni wenu. Tangu mpango wa maduka ya dawa muhimu uanzie mkoani Ruvuma mwaka 2003, watu wengi walioishi mbali na famasi wamepata dawa halali karibu na kwao, kutoka kwa mtu aliyepitia mafunzo. Malalamiko yaliyomo humu yanatokana na imani ambayo watu wanayo kwenu. Wagonjwa huja kwenu kwanza, na kwa ugonjwa unaozungumziwa hapa wengi huishia kwenu.

Ugonjwa wenyewe ni masundosundo yanayoota kuzunguka njia ya haja kubwa. Chanzo chake ni virusi vya papiloma, na aina mbili, ya 6 na ya 11, ndizo zinazobeba takriban asilimia 90 ya masundosundo yote ya sehemu za siri. Vinyama hivyo vinaweza kutoweka vyenyewe, kubaki vilivyo, au kuongezeka. Shida kubwa ni mahali vilipo: ngozi ni laini, pana jasho, pana mishipa mingi ya fahamu, na choo hupita hapo kila siku. Dawa ya kuunguza ikikosewa mahali hapo, mtu hawezi kukaa kwenye kiti, hawezi kupanda bodaboda, na anaanza kujinyima chakula kwa kuogopa kwenda chooni.

Mambo huenda hivi. Mteja anasubiri wenzake waishe, anasogea kaunta na kusema kwa sauti ya chini kwamba ana vinyama. Nyuma yake ameshaingia mama mwenye mtoto. Muuzaji anauliza "Wapi?" kwa sauti ileile ya kuulizia dawa ya mafua. "Huku chini." Hakuna swali jingine. Mteja anatoka na kichupa cha maji ya kahawia ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa peni: 1×2. Jina la dawa halipo, nguvu yake haipo, wala hakuna neno hata moja kuhusu saa ya kuiosha.

Kwa bahasha ile, yafuatayo yanasemwa hadharani.

1. Podofilini inatolewa kama dawa ya kwenda nayo nyumbani.

Hili linauma kuliko yote. Podofilini ni utomvu wa mizizi ya mmea wa Podophyllum, unaoyeyushwa mara nyingi katika tinkcha ya benzoini kwa nguvu ya asilimia 10 hadi 25. Inanata, ni ya kahawia, na harufu yake inakaribia ubani. Kazi yake ni kuua seli zinazogawanyika, na haichagui kati ya seli za kinyama na za ngozi nzima iliyo pembeni. Ndiyo maana tangu mwanzo imekuwa dawa ya kupakwa na mhudumu wa afya. Mhudumu anaikinga ngozi nzima kwa mafuta mgando, anagusa vinyama peke yake, anaacha dawa ikauke kabla mgonjwa hajavaa, na anamwambia aioshe baada ya saa 1 hadi 4. Awamu nyingine husubiri wiki ipite.

Sasa iwekwe hiyo 1×2 pembeni ya utaratibu huo. Mgonjwa mtiifu atapaka asubuhi, atapaka tena usiku, na atalala nayo. Kwa kuwa haoni anakopaka, atamwaga nyingi ili asikose. Kila akikaa, dawa itahama kutoka shavu moja la makalio kwenda la pili. Siku ya tatu ana kidonda upana wa kiganja, na vinyama vyenyewe bado vipo.

Madhara hayaishii kwenye ngozi. Podofilini hupenya hadi kwenye damu, hasa ikipakwa eneo kubwa au juu ya vinyama vinavyovuja damu. Taarifa za kitabibu za miongo mingi zimeeleza wagonjwa waliotapika, waliochanganyikiwa, waliopata ganzi ya mikono na miguu, na ambao uboho wao ulishindwa kutengeneza chembe za damu. Mwaka 2015, CDC ya Marekani, taasisi inayoandika miongozo ya magonjwa ya ngono inayosomwa duniani kote, iliiondoa podofilini kwenye orodha ya tiba inazozipendekeza kwa sababu hiyo hiyo.

Dawa ya nyumbani ipo, nayo ni ya ukoo huo. Ni podofilotoksini, iliyosafishwa na kupimwa: asilimia 0.5 ikiwa ya maji au jeli, asilimia 0.15 ikiwa krimu. Hupakwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, hupumzishwa siku 4, na mzunguko huo unaweza kurudiwa hadi mara 4. Kwa siku nzima isizidi nusu mililita, na eneo lote linalopakwa lisizidi sentimita 10 za mraba. Nyingine ni imikwimodi ya asilimia 5, inayopakwa usiku mara tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ikaoshwa kwa sabuni na maji baada ya saa 6 hadi 10, kwa muda usiozidi wiki 16. Majina ya podofilini na podofilotoksini yanakaribiana mno, na anayeyachanganya anamkabidhi mgonjwa kitu kingine kabisa. Asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 80 hadi 90 nayo haitakiwi kutoka mikononi mwa mhudumu. Ile ya salisiliki, ya chunjua za vidole na nyayo, haina nafasi kabisa sehemu hizi.

2. Dawa inauzwa kabla ya ugonjwa kujulikana.

Vinyama vya huko havifanani. Wengi wanaokuja na masundosundo hudhani ni bawasiri, wakapewa krimu ya bawasiri yenye steroidi na dawa ya ganzi. Ganzi inapoza mwasho kwa muda, wiki zinapita, vinyama vinazidi.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Kaswende ikifika hatua ya pili huweza kuleta uvimbe bapa, wenye majimaji, wa rangi ya kijivu au nyeupe, kuzunguka njia ya haja kubwa. Kwa macho ya haraka unafanana na masundosundo. Uvimbe huo una vijidudu tele na unaambukiza sana, lakini kipimo chake ni tone la damu, na tiba yake ni sindano ya penisilini aina ya benzathini ambayo haina bei ya kutisha. Mtu anayepakwa podofilini juu ya kaswende anaunguzwa bure, huku ugonjwa ukiendelea na safari yake kuelekea moyo, ubongo na macho, na kwa mjamzito, kuelekea mtoto aliye tumboni.

Upo pia uvimbe mgumu, wenye kidonda, unaotoka damu bila kuguswa. Huo unatakiwa kukatwa kipande na kupelekwa maabara, kwa sababu saratani ya njia ya haja kubwa ipo, na kwa watu wanaoishi na VVU hatari yake ni kubwa zaidi. Aina za virusi zinazoleta masundosundo si zile zinazoleta saratani mara nyingi, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na aina zote kwa wakati mmoja. Mwenye vinyama vya nje anaweza pia kuwa navyo ndani, asikokuona wala kukugusa, na huko hakuna dawa ya kujipaka inayoruhusiwa kufika.

3. Swali la "umeipataje?"

Swali hili halibadilishi dawa, halibadilishi kipimo, halibadilishi ushauri. Linachobadilisha ni mgonjwa: haonekani tena. Virusi hivi hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na hukaa mwilini wiki, miezi, wakati mwingine miaka kabla kinyama cha kwanza hakijaota. Vinaweza kutoka sehemu za siri za mbele hadi nyuma kwa mtu ambaye hajawahi kufanya ngono ya njia hiyo. Mama wa watoto watatu hupata. Mzee wa msikitini hupata, na mzee wa kanisa hupata. Wanaume wanaofanya ngono na wanaume hupata pia, nao wana haki ya kutibiwa kidonda chao kama mtu mwingine yeyote.

Hofu ya kuangaliwa mahali hapo haikutoka hewani. Kenya, wanaume wawili walipimwa njia ya haja kubwa kwa lazima ili ipatikane kesi dhidi yao, na ilibidi Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa itamke mwezi Machi 2018 kwamba haki zao za kikatiba zilivunjwa. Habari kama hizo zinavuka mipaka. Mtu aliyezisikia hawezi kwenda hospitali kirahisi akasema, daktari, niangalie hapa. Anakuja kwenu, kwa sababu kwenu hatavuliwa nguo. Akidhihakiwa kaunta, kinachobaki ni siki, kitunguu saumu kilichopondwa, na wembe.

4. Hakuna anayeambiwa afanye nini mambo yakiharibika.

Hapa ndipo barua hii inaomba kusikilizwa kwa utulivu, maana matibabu ya nyumbani yataendelea, na madhara yatatokea hata kwa dawa sahihi iliyotumiwa sawasawa. Mgonjwa aliyeandaliwa huyashughulikia. Yule asiyeandaliwa huongeza dawa akidhani maumivu ni dalili ya kupona, au huficha hadi usaha utoke.

Aambiwe kwanza kipi ni cha kawaida. Wekundu, mwasho na kuwaka kidogo siku ya pili au ya tatu ya podofilotoksini hutarajiwa. Vinyama vinapokufa ngozi huchubuka. Imikwimodi huamsha kinga ya mwili, hivyo wekundu ni sehemu ya kazi yake, na inaweza kuleta homa, uchovu na maumivu ya misuli. Katika nchi yenye malaria hilo ni jambo zito. Mtu anapata homa, anakimbilia dawa ya malaria, wala hataji krimu anayojipaka usiku kwa sababu anaona aibu. Apime malaria, ndiyo, lakini pia ajue kwamba krimu yenyewe inaweza kuwa chanzo.

Ngozi ikipasuka na kuwa kidonda, dawa isimamishwe hapo hapo. Isipunguzwe, isimamishwe, mpaka pale papone. Dawa iliyobaki ioshwe kwa maji mengi ya kawaida. Kisha beseni safi, maji ya vuguvugu yanayovumilika kwa kiwiko, na mtu akae humo dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya choo. Dawa ya kuulia vijidudu isitiwe majini, hata tone, kwani huko ni kuunguza palipoungua. Wanaochamba kwa maji wana nafuu kuliko wanaotumia karatasi kavu. Wafanye taratibu, kisha wakaushe kwa kugandamiza kitambaa laini bila kusugua. Mafuta mgando kidogo juu ya pale kabla ya kwenda chooni hupunguza ukali. Parasetamoli inatosha kwa maumivu ya kawaida. Chupi iwe ya pamba na isiyobana.

Kuna mzunguko mmoja unaowatesa wengi. Kidonda kinauma, mtu anazuia choo, choo kinakuwa kigumu, kikitoka kinachana kidonda upya. Anayetibiwa aambiwe hili mapema: anywe maji, ale papai, mboga za majani, maharage na ugali wa dona, na asizuie haja inapomjia. Choo kikibaki kigumu, laktulosi ipo kwenye rafu zenu.

Damu kidogo kwenye kitambaa si dharura. Inayotiririka igandamizwe kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Isipokoma, ni hospitali. Hospitali pia kwa yafuatayo, na hapa hakuna kusubiri kesho: homa pamoja na uvimbe unaozidi kuuma, usaha, wekundu unaosambaa, kushindwa kukojoa, kutapika, ganzi ya vidole au kuchanganyikiwa baada ya kujipaka dawa. Aende na kichupa chake mkononi. Ndiyo sababu nyingine kichupa kisicho na jina ni hatari: daktari wa zamu anashika kitu asichokijua huku mgonjwa akizidiwa.

Yapo na madhara ya polepole. Ngozi nyeusi inaweza kubaki na mabaka meupe au meusi zaidi pale palipounguzwa. Kovu kubwa likizunguka tundu lote linaweza kulibana hadi choo kipite kwa shida. Na hata pakipona vizuri, vinyama hurudi kwa wengi, hasa ndani ya miezi 3 ya kwanza, maana dawa huondoa kinyama lakini haiwezi kuahidi kwamba virusi vimekwisha. Asiyeambiwa hilo atadhani mwenza wake amemsaliti, na ndoa itavunjika kwa jambo ambalo maneno machache kaunta yangelieleza. Ngono isubiri mpaka vidonda vipone, na watumiaji wa imikwimodi wajue kwamba krimu hiyo inaweza kudhoofisha mpira wa kondomu.

5. Wapo ambao hawapaswi kuuziwa chochote.

Mjamzito: podofilini na podofilotoksini ni mwiko kwake. Njia salama zipo hospitalini, kama kugandisha vinyama kwa baridi kali. Anayeishi na VVU aelekezwe kliniki yake ya tiba na matunzo (CTC), kwa sababu vinyama vyake vinaweza kuwa vikubwa, vikawa sugu kwa dawa, na vinahitaji macho ya mtaalamu. Mwenye vinyama vingi kiasi cha kufunika eneo lote, au vilivyo ndani, anahitaji mpasuaji. Na mzazi anayemwulizia mtoto asiuziwe hata krimu. Mtoto huyo apelekwe hospitali aonwe kwa utulivu na mtu anayejua, kwani virusi vinaweza kumfikia kwa njia zaidi ya moja na mojawapo ni kunajisiwa.

6. Kinachoombwa.

Kwenu mnaosimama kaunta, maombi ni machache na yanaweza kuanza kesho asubuhi. Podofilini isitoke dukani kwenda nyumbani kwa mtu. Kila dawa ya masundosundo itoke na jina lake, nguvu yake na tarehe ya kuisha muda. Mteja aulizwe, pembeni, maswali manne: una ujauzito? umeshapimwa kaswende na VVU? kuna kinachotoka damu au kilicho kigumu? kuna mtaalamu aliyekuangalia? CDC yenyewe inashauri kwamba, ikiwezekana, mtaalamu ndiye apake dozi ya kwanza ili mgonjwa aone kipakwe nini na kiachwe nini. Basi hata anayekataa kwenda hospitali aombwe aende mara moja tu, kwa ajili ya hilo.

Kwa wenye maduka: pazia na kiti kwenye kona. Gharama yake haifiki faida ya siku chache, na wateja wa uzazi wa mpango na wa VVU watawashukuru pia.

Kwa Baraza la Famasi, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011: karatasi moja ya Kiswahili, upande mmoja ratiba ya kupaka na kupumzika, upande wa pili yaliyoandikwa kwenye hoja ya 4, isambazwe kwa kila duka lililosajiliwa na iwe sehemu ya ukaguzi. Mkaguzi anapohesabu dawa zilizokwisha muda, ahesabu na vichupa visivyo na lebo. Ujuzi wa kuandika karatasi hiyo upo nchini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi wa Afrika tangu mwaka 1992; kiombwe, kiandike.

Ombi la mwisho linahusu chanjo ya virusi vya papiloma, na linawahusu wote. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima Aprili 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi kwamba dozi moja huamsha kinga ya kutosha ilipatikana hapa hapa nchini, Mwanza, kwa utafiti ulioshirikisha wasichana 930. Wazazi wanaijua kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, nayo ni hivyo. Lakini chanjo zenye aina ya 6 na ya 11 huzuia pia masundosundo, na Australia, iliyoanza mwaka 2007, imeona ugonjwa huu karibu kutoweka kwa wanawake vijana waliochanjwa. Si kila chanjo iliyopo sokoni ina aina hizo mbili. Wizara ya Afya iwaambie wananchi waziwazi ni ipi inayotolewa kwa watoto wao, na inapochagua ya kununua, masundosundo yahesabiwe kwenye gharama. Nanyi mnaoonana na wazazi kila siku wanapokuja kununua dawa ya minyoo, muulizeni mama kama binti yake ameshachanjwa.

Nakala:
Msajili, Baraza la Famasi
Wizara ya Afya
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya